Karatasi Iliyokunjwa Mara Nne

Wa kwanza aliuza nguruwe.
Tuanzie hapo, tusianzie kwa yule shujaa wa panga
ambaye baba mkubwa Sreten alimchora shinani
kwa wino mwekundu, na taji, na tai wa vichwa viwili.
Prokopije Teofanović aliswaga nguruwe
kutoka misitu ya Šumadija hadi mto Sava,
akawavusha kwa Waaustria,
akarudi na fedha, na baruti chini ya majani makavu.
Kwenye mti ameandikwa "mfanyabiashara".
Wino hauna harufu, ndiyo maana waungwana huupenda.
Kando yake hakuna mke,
kana kwamba wanawe alijizalia mwenyewe.

Tuvuke vizazi viwili vya mapadri na madeni.
Wakaja wajukuu wa wanawe, nao ukoo ukapasuka milango miwili:
mlango wa upanga, mlango wa kalamu.

Aksentije, kanali,
aliizika mizinga yake kabla ya milima ya Albania,
kisha akaacha vidole vitatu vya mguu ndani ya theluji
akilinda jeshi lisilo na nchi.

Tihomir, mjumbe wa mfalme, Stambuli kwanza, halafu Petrograd,
alikula samaki kwa uma wa fedha
huku akiomba, kwa Kifaransa fasaha, viatu vya askari.
Jozi elfu themanini. Nakala ya barua ninayo.
Viatu vilifika majira ya kuchipua,
wenye miguu walikuwa wamepungua.

Vita vilipokwisha hawakusemezana tena.
Mmoja alisema: wewe uliiuza nchi kwa maneno.
Wa pili: na wewe uliinunua kwa watoto wa watu.
Wamezikwa Valjevo, bega kwa bega,
katikati pana nafasi ya mtu mwembamba.

Nimeitandaza karatasi juu ya meza ya jikoni.
Kila mwanamume ana jani lake, jina, cheo, nishani.
Kila mwanamke ni nukta.
Nukta basi, kama alama ya nzi.
Nimezihesabu: kumi na moja, nami nikiwemo.

Nukta hii iliuza dukati za shingoni mwake, moja moja,
Aksentije apate farasi wa kuingilia chuo cha kijeshi.
Nukta hii, Jevrosima, ndiyo yenye Kifaransa kile fasaha;
Tihomir alijua kuinama na kutia sahihi.
Na hii, chini ya tawi la kushoto, siijui.
Nimewauliza makasisi, nimefukua vitabu vya ubatizo
ambavyo panya na moto vilivisoma kabla yangu.
Watu husema "tumbo moja", wakajivunia,
halafu tumbo lenyewe hawaliandiki.

Jana Vukašin, mtoto wa kaka yangu, alipiga simu kutoka Toronto.
Anataka nakala ya mti, atautia fremu sebuleni.
"Shangazi Nevena, ni kweli tulikuwa mabwana?"
Nilikuwa nachemsha ngano ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola,
mwiko mkono mmoja, simu mkono wa pili.
Nguruwe, nikamwambia. Wanene, wa kupendeza.
Akasema simu inakwaruza, atanipigia Jumapili.

Mshumaa wa sikukuu, kwa desturi, huwashwa na mwanamume wa nyumba.
Nyumba ina mimi, na paka dume aliyehasiwa.
Nimeuwasha. Haukuzimika.

Sikuwa nimeikunja karatasi.
Nilipokuwa nikiipakua ngano, punje moja ilidondoka,
ikabingirika, ikapita kwa makanali na mabalozi,
ikanata karibu na shina, ubavuni mwa Prokopije.
Kumi na mbili.
Nimesogeza bakuli upande wa pili wa meza,
nisije nikaifuta kwa kiwiko.